Bima ya Marehemu: Namna ya Kuitafuta Hati Iliyopotea

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Msangano, Wilaya ya Momba



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vyama vya ushirika msemo huu hukumbukwa zaidi siku ya kukagua hesabu, wakati magunia ya mpunga yaliyoandikwa hayalingani na magunia yaliyomo ghalani. Lakini iko mali nyingine ambayo hupotea kwa njia hiyo hiyo, tena hupotea bila mwizi na bila kesi. Mali hiyo ni fedha za bima ya maisha ya mtu aliyekwisha kufa, ambaye jamaa zake ama hawajui kwamba alikata bima, ama wanajua lakini hawaioni hati.

Mtu anapofariki, wanaomdai hawahitaji kutafutwa. Huja wenyewe, na wengine huja kabla ya matanga kuanuliwa. Wale anaowadai yeye ndio wasiokuja. Kampuni ya bima haina mjumbe katika kila kijiji wa kuipelekea habari za misiba. Kwa kampuni, mtu ambaye hakuna aliyeleta taarifa ya kifo chake ni mtu aliye hai ambaye ameacha kulipa ada. Jalada lake hufungwa, na huenda likakaa hivyo miaka mingi. Ndiyo maana kazi ya kutafuta huwaangukia jamaa, na aghalabu huuangukia ushirika, kwa sababu katibu wa chama ndiye mtu wa karibu mwenye kalamu, karatasi, muhuri na kumbukumbu.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mzee mmoja alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi bonde la Msangano kulima mpunga na ufuta. Alikuwa mwanachama wa chama cha msingi cha mazao na pia wa chama cha akiba na mikopo. Amefariki akiacha mjane, watoto ambao baadhi yao bado wako shuleni, na mkopo wa pembejeo ambao haujamalizika. Mjane anakumbuka neno moja tu: marehemu alikuwa akisema kwamba mshahara wake “unakatwa bima”. Hati haionekani. Wadhamini wa mkopo wameanza kuuliza habari za mpunga uliomo ghalani. Mjane huyu aanzie wapi?

ASILI YA HATI HIZI

Kabla ya kutafuta kitu ni vema kujua kilitoka wapi. Shirika la Bima la Taifa, ambalo leo hufahamika zaidi kwa kifupi cha NIC, lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitwaliwa lote na Serikali, na biashara ya bima nchini ikawekwa mikononi mwake. Hali hiyo iliendelea hadi Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Kwa hiyo, mtu aliyekata bima ya maisha Tanzania Bara katika miaka ya 1970 au 1980 alikata, bila shaka yoyote, kwa Shirika la Bima la Taifa. Aliyekata baada ya 1996 huenda alikata huko huko, au kwa kampuni nyingine yoyote miongoni mwa zile zilizosajiliwa tangu wakati huo. Aliyekata kabla ya 1967 huenda alikata kwa kampuni ya kigeni iliyokuwa na wakala Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa.

Mwaka peke yake, basi, ni ushahidi. Jamaa wakiweza kukumbuka kwamba makato yalianza marehemu alipokuwa akifundisha shule fulani, katika mwaka fulani, wamekwisha kupunguza nusu ya kazi.

Katika ukanda huu wako watu wa aina nne ambao yamkini waliacha bima. Wa kwanza ni watumishi wa Serikali na mashirika ya umma: walimu, waganga, mabwana shamba na askari, ambao ada yao ilikatwa moja kwa moja katika mshahara. Wa pili ni wafanyakazi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Mlowo, Vwawa na Tunduma. Wa tatu ni waliovuka mpaka kwenda kufanya kazi Zambia, hasa katika miji ya migodi ya shaba. Wa nne, ambao sasa ni wengi kuliko wote, ni wakopaji wa benki na wa vyama vya akiba na mikopo, ambao waliwekewa bima ya mkopo bila wao wenyewe kuitilia maanani.

KUTAFUTA NYUMBANI

Kazi huanza nyumbani, na yafaa ifanywe na watu wawili au watatu kwa pamoja, mjane au mgane akiwapo, ili pasizuke maneno. Kila karatasi iliyopatikana iandikwe katika orodha kabla haijahamishwa.

Si lazima ipatikane hati yenyewe. Kinachotafutwa ni alama yoyote inayotaja jina la kampuni au namba ya bima. Alama hizo ni kama stakabadhi za ada, barua zenye nembo ya kampuni, kalenda au kadi ya wakala, kitabu cha benki, na zaidi ya yote karatasi za mshahara. Karatasi ya mshahara huonyesha kila kato kwa mstari wake. Mtumishi ambaye hakuwahi kuonyesha hati yake kwa mtu yeyote huenda aliacha karatasi za mshahara za miaka 10 katika sanduku la bati, na karatasi moja tu yatosha kuonyesha kwamba mwezi fulani alikatwa kiasi fulani kwa ajili ya bima.

Mahali pa kutazama panajulikana na kila mwenye nyumba: sandukuni, chini ya godoro, ndani ya Biblia au Msahafu, nyuma ya picha iliyotundikwa ukutani, katika mifuko ya koti la zamani. Pasisahauliwe nyumba ya pili, kama marehemu alikuwa na mke mwingine au chumba cha kupanga mjini Tunduma. Wako watu waliokabidhi karatasi zao kwa ndugu, kwa mchungaji au kwa shehe.

Kwa waliofariki miaka ya karibuni, simu nayo ni sanduku. Ada nyingi za siku hizi hulipwa kwa simu, na ujumbe wa malipo hutaja aliyelipwa. Laini ya marehemu isitupwe wala isigawiwe mtu. Lakini hapa pana onyo: namba ya siri ya marehemu isitumiwe na mtu yeyote kutoa fedha, hata kama anaijua. Fedha zilizomo katika simu ni sehemu ya mirathi, na kampuni ya simu hutoa taarifa za malipo kwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama.

KUTAFUTA KATIKA JALADA LA CHAMA

Hatua ya pili ndiyo inayowahusu makatibu kuliko watu wengine wote, nayo ndiyo husahauliwa mara nyingi zaidi. Hati ya bima ya maisha ni mali inayoweza kuwekwa dhamana. Mwenye bima iliyolipiwa kwa miaka kadhaa aliweza kuitumia kukopa, ama kwa kampuni yenyewe, ama benki, ama kwa chama. Kwa hiyo hati ambayo jamaa wanaitafuta chini ya godoro huenda imelala katika kabati la chama, ndani ya jalada la mkopo uliokwisha kulipwa zamani, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Katibu hana budi kulifungua jalada la marehemu mpaka karatasi ya mwisho kabla ya kumwambia mjane kwamba hakuna kitu.

Liko jambo lingine lililo zito zaidi. Vyama vingi vya akiba na mikopo, pamoja na benki, huwakatia wakopaji bima ya mkopo. Mkopaji akifariki, kampuni ya bima hulilipa deni lililobaki kwa kadiri mkataba unavyosema. Katika bima ya namna hii hati haikai kwa mkopaji. Hukaa kwa mkopeshaji, na jina la marehemu huwa ni mstari mmoja tu katika orodha ndefu. Mjane hawezi kuipata nyumbani hata akiivunja nyumba.

Basi katika ule mfano wa mwalimu mstaafu, huenda kilio cha wadhamini hakina msingi hata kidogo. Kama ada ya bima ya mkopo ilikatwa siku mkopo ulipotolewa, deni hilo lidaiwe kwa kampuni ya bima, wala lisidaiwe kwa mpunga wa mjane. Katibu akisahau kupeleka taarifa ya kifo katika muda uliowekwa na mkataba, kampuni yaweza kukataa, na hapo kosa la kalamu ya katibu litalipwa kwa chakula cha yatima. Ndiyo sababu kila mkataba wa bima ya mkopo yafaa usomwe na kamati nzima mara tu unaposainiwa, na siku za kutoa taarifa ziandikwe kwa herufi kubwa juu ya jalada. Na kama marehemu alikopa benki, mjane aulize swali moja kwa maandishi: Je, mkopo huu ulikuwa na bima, na kampuni gani?

KWA MWAJIRI NA KATIKA MIFUKO

Hatua ya tatu ni kwa mwajiri wa zamani. Kwa mwalimu ni ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri alikokuwa akifanya kazi. Barua itaje jina kamili, namba ya ajira ambayo watumishi huiita cheki namba, vituo vya kazi na mwaka wa kustaafu, na iombe orodha ya makato yaliyofanywa katika mshahara. Waajiri wengine pia huwakatia wafanyakazi wao bima ya kundi, ambayo hulipa mfanyakazi akifariki akiwa kazini.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii si bima ya maisha. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 na kuchukua nafasi ya mfuko wa akiba wa wafanyakazi uliokuwapo tangu 1964. Kwa watumishi wa umma, mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa mwaka 2018 kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Mifuko hii ina mafao yake kwa wategemezi, na huombwa kwa fomu zake. Mtu akiisha kulipwa na mfuko asidhani kwamba bima imelipwa. Vilevile akijibiwa na mfuko kwamba hakuna bima, asidhani kwamba bima haikuwapo.

BARUA KWA KAMPUNI NA KWA MAMLAKA

Hatua ya nne ni kuziandikia kampuni. Zilizo nyingi zina ofisi Dar es Salaam, na baadhi zina ofisi Mbeya. Nauli kutoka Msangano si ndogo, kwa hiyo barua itangulie, mguu ufuate. Kampuni nazo hubadili majina. Kampuni ya African Life, kwa mfano, ilikuja kuitwa Sanlam. Jamaa wakiona jina la zamani katika stakabadhi wasikate tamaa kwa kuwa hawalioni tena ukutani. Hapo ndipo pa kuiuliza Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na yenye ofisi ya kanda Mbeya. Mamlaka hii husajili na kusimamia kampuni zote, nayo yaweza kueleza biashara ya kampuni fulani ilihamia wapi.

Barua iwe fupi na itaje mambo yafuatayo: majina yote ya marehemu kwa namna zote yalivyowahi kuandikwa, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi na vituo vyake, miaka inayodhaniwa bima ilikatwa, namba ya bima kama inajulikana, tarehe ya kifo, jina la mwombaji na uhusiano wake na marehemu. Nakala ya cheti cha kifo iambatanishwe. Cheti chenyewe kisitumwe.

Katika sehemu hii ya nchi mambo mawili yahitaji uangalifu wa pekee.

La kwanza ni anwani. Wilaya ya Momba ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Wilaya ya Mbozi, na Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya. Hati ya mwaka 1985 haimjui mtu yeyote wa Momba wala wa Songwe. Inamjua mtu wa Msangano, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Barua itaje anwani zote mbili, ya sasa na ya zamani.

La pili ni majina. Kwa desturi ya Wanyamwanga, jina la ukoo la mwanamume huanza kwa Si na la mwanamke huanza kwa Na. Baba ni Sinyangwe, binti yake ni Nanyangwe, na hapa kijijini hakuna anayeshangaa. Lakini karani aliye mbali, asiyeijua desturi hiyo, huona majina mawili ya koo mbili tofauti, akaandika kwamba uhusiano haukuthibitishwa. Tatizo hili huondolewa mapema kwa hati ya kiapo inayoeleza desturi hiyo, pamoja na barua ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Kiapo hicho hicho kieleze pia majina ya ubatizo yaliyobadilika na herufi zilizokosewa.

Kampuni yaweza kukataa kumpa habari mtu ambaye hajathibitisha uhusiano wake na marehemu. Asione kwamba amedharauliwa. Habari za mteja ni siri, na nchini hapa iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Dawa yake ni kuleta uthibitisho.

UPANDE WA PILI WA MPAKA

Kwa marehemu aliyefanya kazi Zambia, njia ni hiyo hiyo ila milango ni mingine. Shirika la bima la Serikali ya Zambia, ZSIC, lilianzishwa mwaka 1968, na msimamizi wa bima na pensheni katika nchi hiyo ni mamlaka iitwayo Pensions and Insurance Authority. Barua iandikwe kwa Kiingereza, itaje mgodi au kampuni aliyoifanyia kazi marehemu na namba yake ya kazi, ambayo mara nyingi imechapwa katika kitambulisho cha zamani.

Jambo moja lisisahauliwe. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilibadili fedha yake, na kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Hati inayosema kwacha 50,000 za zamani inasema kwacha 50 za sasa. Ni afadhali mtu alijue hilo akiwa Tunduma kuliko kulijua akiwa Lusaka.

THAMANI ILIYOBAKI

Jambo hili linahusu fedha za hapa nchini pia, na wanachama wana haki ya kuambiwa ukweli. Bima nyingi za zamani zilikatwa kwa kiasi kilichotajwa kwa shilingi, na shilingi imepungua nguvu mno tangu wakati huo. Bima ya shilingi 10,000 iliyokatwa mwaka 1975 ilikuwa ahadi kubwa kwa mwalimu wa siku zile. Leo shilingi 10,000 hazimpeleki mtu Dar es Salaam. Bima nyingine zilikuwa na nyongeza ya faida mwaka hadi mwaka, na nyingine hazikuwa nayo. Nyingine zilikoma kwa sababu ada haikulipwa, ingawa bima iliyolipiwa miaka kadhaa kabla ya kukoma yaweza kuwa na thamani iliyobaki. Nyingine zilikopewa, na mkopo ukala sehemu ya fedha. Nyingine zilikwisha kuiva na mwenyewe akalipwa angali hai, asimwambie mtu.

Kwa sababu hizo, barua ya kwanza iulize maswali matatu: Je, bima ipo? Ilikuwa katika hali gani siku ya kifo? Ni kiasi gani kinacholipwa? Majibu yakishapatikana ndipo familia iamue kama safari ina faida. Si busara kuuza gunia la mpunga ili kufuata fedha zisizofikia bei ya gunia hilo. Lakini pia si busara kuacha kuuliza kwa dhana tu, kwa maana bima za miaka ya karibuni, hasa za kundi na za mikopo, zaweza kuwa na fedha za kutosha kumsomesha mtoto.

CHETI, MAHAKAMA NA MNUFAIKA

Kwa kawaida kampuni hailipi bila cheti cha kifo. Kwa Tanzania Bara cheti hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kupitia ofisi zake za wilaya. Sheria hutaka kifo kiarifiwe katika siku 30, na kilichocheleweshwa bado chaweza kusajiliwa kwa ushahidi zaidi. Vifo vingi vya vijijini hutokea nyumbani, watu wakazika, na kibali cha mazishi kikapotea. Katibu atakayewakumbusha wafiwa jambo hili katika mwezi wa kwanza atakuwa amewaokoa na mashaka ya miaka.

Hati ya bima kwa kawaida hutaja mnufaika, yaani mtu aliyechaguliwa na marehemu kupokea fedha. Mnufaika akiwapo, yeye ndiye wa kupeleka madai, akiwa na kitambulisho chake. Kama hakutajwa mtu, au aliyetajwa naye amekwisha kufa, fedha huingia katika mirathi, na msimamizi wa mirathi ndiye atakayezidai. Kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi huyo, lakini ni mahakama inayomthibitisha. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya mila au ya Kiislamu. Mirathi nyingine hupelekwa mahakama za juu. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu zake katika miezi 4.

Hapa ndipo familia nyingi hugombana, na yafaa isemwe wazi: msimamizi wa mirathi si mrithi pekee. Ni mtumishi wa warithi. Fedha za bima zikipita mikononi mwake ni za kugawiwa kama sheria inavyoelekeza, na mjane na watoto wana haki ya kuona karatasi ya malipo. Ushirika ambao umezoea kumtaka mweka hazina aonyeshe stakabadhi hautashindwa kumwelekeza msimamizi wa mirathi afanye vivyo hivyo.

Na kama hati yenyewe imepotea kabisa? Kupotea kwa karatasi hakufuti mkataba. Kampuni ina nakala yake. Itataka taarifa ya upotevu kutoka Polisi, hati ya kiapo, na pengine ahadi ya maandishi kwamba akitokea mwenye haki zaidi, aliyelipwa atafidia.

MATAPELI NA UCHELEWESHAJI

Palipo na fedha za marehemu hapakosi watu wa njia za mkato. Mtu atakayesema kwamba ameona jina la marehemu Dar es Salaam na kwamba atalitoa kwa malipo ya kwanza, asipewe hata senti. Kampuni ya bima haimtaki mnufaika alipe ada ya siri kwa simu ili alipwe. Hati halisi isiachwe kwa mtu yeyote bila stakabadhi iliyopigwa muhuri, na karatasi tupu isisainiwe wala kutiwa dole gumba.

Kampuni ikichelewa au ikikataa, iombwe itoe sababu kwa maandishi. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na sheria ile ile ya mwaka 2009. Mahakama iko baada ya hapo, lakini Sheria ya Ukomo huweka miaka 6 kwa mashauri ya mikataba. Kwa hiyo anayekaa kimya huipunguza haki yake mwenyewe kila mwaka.

Nchi nyingine zimelitafutia tatizo hili dawa ya jumla. Kenya ilitunga sheria mwaka 2011 ya mali za fedha zisizodaiwa, ikaunda mamlaka ambayo hupokea fedha hizo, zikiwemo za bima, ili wenyewe waziulizie mahali pamoja. Marekani, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo kilianzisha mwaka 2016 huduma isiyo na malipo: jamaa hupeleka jina la marehemu mara moja, na kampuni zinazoshiriki hulilinganisha na madaftari yao. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba nchi zenye mashine za kila namna nazo zimeona kuwa bila mtu wa kuuliza, fedha hulala.

KAZI YA KATIBU KABLA YA MSIBA

Yote yaliyoelezwa ni kazi ya kufukua. Iliyo bora ni kutofukia. Kila chama cha msingi kinaweza kuweka katika jalada la mwanachama karatasi moja yenye mistari michache: jina la mrithi aliyemchagua kwa hisa na akiba zake, kama ana bima, kampuni na namba yake, mahali hati ilipo, na mtu wa pili anayejua mahali hapo. Kiasi cha fedha hakihitaji kuandikwa. Karatasi hiyo ifungwe katika bahasha, isainiwe juu, ifungiwe kabatini, na isifunguliwe ila mwanachama mwenyewe akitaka au akifariki, mbele ya kamati na wafiwa. Katibu atakayeitoa siri hiyo angali mwanachama hai amevunja dhamana aliyopewa, na mkutano wachukue hatua.

Wako watu watakaosema kwamba kuandika habari za kifo ni kukiita. Hao wakumbushwe kwamba kila mwanachama huandika magunia yake anapoyaingiza ghalani, wala hakuna anayesema kwamba ameuita moto. Anayaandika ili siku ya hesabu aliye na haki asirudi mikono mitupu.

Kila mwaka baada ya mavuno, wanachama wanapokuja kupokea malipo ya mpunga na ufuta, kila mmoja apewe bahasha yake aitazame upya, kwa maana wanufaika hufa, ndoa huvunjika na watoto huzaliwa. Kazi hiyo haizidi dakika 10 kwa mtu mmoja. Makatibu wanaweza kuanza na majalada ya wanachama waliofariki tangu msimu uliopita: wayafungue moja baada ya moja, watazame kama mkopo ulikuwa na bima na kama iko hati iliyosahauliwa ndani, kisha wamwite mjane au mtoto wa marehemu na kumweleza walichokiona.